Baba hana homa: bado inaweza kuwa vali?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa miaka 24 aliugua homa kali, akakutwa na maambukizi ya vali ya moyo (kilango kinachoongoza damu ndani ya moyo), akachomwa sindano wiki sita. Sasa baba yetu, mwenye miaka 73 na vali ya bandia, amekonda, hali chakula vizuri, na siku mbili hizi anachanganya maneno. Homa hana. Inaweza kuwa ugonjwa uleule? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Inaweza kabisa. Mpeleke hospitali leo, usingoje homa. Kwa mwenye vali ya bandia, kuchanganya maneno kunaweza kuwa kipande cha bonge la bakteria kilichomeguka kwenye vali kikaziba mshipa wa ubongo. Akiwa anatumia wafarini (dawa ya kuzuia damu isigande), yaweza pia kuwa damu inavujia ndani ya kichwa.

Kijana huugua waziwazi: homa ya juu, kutetemeka, jasho la usiku. Huku kwetu mara nyingi vali yake iliharibiwa utotoni na homa ya rumatiki, au alizaliwa na kasoro ya moyo. Anayejidunga heroini hushambuliwa zaidi upande wa kulia wa moyo. Vipande humeguka na kwenda mapafuni, akakohoa na kuumwa kifua, watu wakadhani ni TB.

Mzee huishiwa nguvu polepole. Damu hupungua, mgongo huuma, akili huyumba, na nyumbani wanasema ni uzee. Mara nyingi bakteria wake wametokea njia ya mkojo, mpira wa mkojo, mrija wa kusafishia damu au utumbo. Akikutwa na bakteria aitwaye streptokoka aina ya gallolyticus, utumbo mpana nao uchunguzwe kwa kamera, kwa sababu huenda kuna saratani.

Kinachotuumiza sana ni dawa za dukani. Mgonjwa akimeza amoksilini siku tatu, damu ikioteshwa maabara kutafuta bakteria huenda isitoe kitu, na bakteria bado wamejificha kwenye vali. Kabla ya dozi ya kwanza zichukuliwe seti tatu za damu, kila moja kwa kuchoma mahali tofauti, takriban mililita 10 kwa chupa ya mtu mzima. Hali ikiwa mbaya sana, damu ichukuliwe haraka na dawa zianze hapohapo.

Eko ya kifuani (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) inaweza isione kitu, maana vali ya bandia hutupa kivuli. Ulizeni eko ya kupitia kooni. Ikiwa safi na shaka bado ipo, irudiwe baada ya siku 5 hadi 7.

Tiba ya vali ya bandia ni wiki 6 au zaidi. Akipewa antibiotiki ya gentamaisini, figo zipimwe mara kwa mara, kwani za mzee huumia upesi. Upasuaji ukihitajika, umri peke yake si sababu ya kumnyima.

Wote wawili, kabla ya kung'oa jino, wamweleze daktari wa meno historia yao. Asiye na mzio wa penisilini humeza amoksilini gramu 2 mara moja kama kinga, dakika 30 hadi 60 kabla.