Ada ya kibali cha maji na bili ya bomba

SWALI: Shikamoo mhandisi. Sisi ni kikundi cha wakulima wa mboga huku Kayenze, Ilemela, na tunamwagilia kwa kuvuta maji ziwani kwa pampu ya petroli. Tumetakiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria tuwe na kibali na tulipe ada ya kila mwaka, ilhali nyumbani kila mmoja analipa bili ya bomba. Je, huku si kulipia maji mara mbili? Kuna mtu anasema tukimpa laki mbili atalimaliza jambo hili bila sisi kwenda ofisini.

JIBU: Marahaba. Hamlipii mara mbili, na mtu huyo msimpe hata shilingi moja.

Swali hili hunifikia mara kwa mara, na ndani yake kuna dhana ambayo kwa kweli imenichosha: kwamba kila anayetoza fedha kwa ajili ya maji anayauza. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 imeyaweka maji yote ya Tanzania Bara mikononi mwa Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi, kwa hiyo hakuna wa kuyauza. Bili ya nyumbani hulipia kuyavuta, kuyasafisha na kuyafikisha bombani, yaani umeme, dawa na mabomba. Ada ya kibali huenda katika kupima na kulinda chanzo chenyewe. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliyatenganisha mambo haya kwa makusudi, kwa kuwa mwenye kusambaza maji ni mtumiaji kama ninyi, naye hawezi kuachiwa ajigawie. Ndiyo maana mamlaka ya maji ya mji nayo hudaiwa kibali na bodi ya bonde.

Watu huniuliza bodi inafanya nini na fedha hizo. Asubuhi moja, kwenye mto unaomwaga maji yake Ghuba ya Speke, nilimkuta mzee mmoja amekunja suruali hadi magotini, anasugua kwa brashi ubao wa namba uliosimikwa majini, kwa sababu ute wa kijani ulikuwa umezifunika tarakimu. Aliposoma kina aliandika kwenye daftari, akarudi zake nyumbani, na kesho yake alitakiwa arudi tena. Mzee huyo, brashi yake na daftari lake vinahitaji fedha kila mwezi, na bili yako ya bomba haimfikii.

Msiniambie kwamba ziwa halina mwisho. Sehemu kubwa ya maji yake hutokana na mvua inayonyesha juu yake, na sehemu kubwa hupotea kwa mvuke, hivyo misimu michache tu hubadili hali. Mwaka 2006 kina kilishuka hadi mipira ya kuvutia maji ikaachwa juu ya tope. Mwaka 2020 maji yalipanda yakameza mashamba ya ufukweni. Maji yakipungua, bodi hugawa kwa kuangalia daftari la vibali, na asiyemo humo hana cha kudai.

Tena pimeni umbali wa bustani yenu kutoka ukingo wa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na hakuna laki mbili inayoweza kuzifuta mita hizo.

Sasa niseme wazi kuhusu vishoka, yaani matapeli kama huyo anayewaomba laki mbili, maana hawaishii Kayenze. Kibali halali hutaja chanzo, kiasi, matumizi na muda wake, na kumbukumbu yake hubaki bodi. Karatasi ya kishoka ina muhuri tu. Walewale huleta mitambo ya kuchimba visima isiyo na leseni, wakapima mahali kwa kijiti cha mti, wakatoboa mwamba hatua chache kutoka shimo la choo, wakalipwa na kuondoka bila kuacha taarifa ya kina wala ya maji waliyoyapata. Mwenye nyumba hubaki anachota, jirani naye huchimba chake kando, na hakuna ofisi yoyote inayojua kwamba visima hivyo vipo, hadi siku watoto wanapoanza kuharisha.