Maswali na Majibu: Kuchagua Kianikio cha Nguo cha Kukunja

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu vianikio vya kukunja, yaani stendi za kuanikia nguo zinazosimama kwa miguu yake na kukunjwa kazi ikiisha. Maswali yao yanajibiwa hapa moja baada ya jingine. Msomaji ataona kwamba majibu mengi yanarudi kwenye hewa, kwa kuwa hewa ndiyo inayokausha nguo, na kianikio kizuri ni kile kinachoiachia nafasi ya kupita.

Swali: Tuko watu wanne nyumbani. Nitajuaje ukubwa wa kianikio kinachotufaa?

Wanunuzi wengi huhesabu fito na kuridhika, ilhali kinachopaswa kuangaliwa kwanza ni uzito wa nguo zikiwa mbichi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na nguo hutoka kwenye ufuaji zikiwa na maji mengi kuliko tunavyodhani. Mashine inayokamua kwa mizunguko 1,400 kwa dakika huacha maji yanayokaribia nusu ya uzito wa nguo zikiwa kavu. Inayokamua kwa mizunguko 800 huacha takriban robo tatu. Na nguo zilizokamuliwa kwa mkono mara nyingi hubeba maji yenye uzito sawa na wa nguo zenyewe zikiwa kavu, au zaidi. Kwa hiyo kilo nne za nguo kavu zitakuwa kilo sita zikitoka kwenye mashine ya kwanza, kilo saba zikitoka kwenye ya pili, na kilo nane au zaidi ukikamua kwa mkono. Soma uzito ulioandikwa kwenye boksi ukikumbuka kwamba kiwango hicho huhesabiwa mzigo ukiwa umesambazwa sawasawa. Taulo zote zikipangwa kwenye bawa moja, yaani upande mmoja unaokunjuliwa, kianikio kinaweza kuinama au kupinduka hata kama jumla ya uzito haijafika kikomo.

Baada ya uzito, pima nafasi kati ya ufito mmoja na mwingine. Fulana ya mtu mzima ina upana wa nusu mita hivi, kwa hiyo ufito wa sentimita 60 hubeba fulana moja. Kianikio chenye fito 20 za namna hiyo hutangazwa kuwa na mita 12 za kuanikia, na kwa hesabu ya harakaharaka kingepaswa kubeba fulana 20. Lakini ikiwa fito zimeachana kwa sentimita nne tu, fulana zitagusana mbele na nyuma, nawe utalazimika kuruka ufito mmoja kila mara, ukabaki na nafasi ya fulana kumi. Kati ya vianikio viwili vyenye urefu sawa wa fito, ningechagua kile chenye fito zilizoachana kwa sentimita saba au zaidi, hata kama kinachukua nafasi kubwa kidogo sakafuni.

Swali: Kianikio changu cha zamani kiliacha alama za kutu kwenye shuka nyeupe. Safari hii nichague cha chuma gani?

Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi au kuvikwa plastiki ni imara, na hudumu vizuri mradi ngozi yake ya nje haijachubuka. Kutu yake huanza pale mahali pasipotazamwa: kwenye mashimo ya riveti, kwenye bawaba, na chini ya kile kikofia cha plastiki kilichochomekwa mwishoni mwa bomba, ambamo maji huingia na kukosa pa kutokea. Ukiwa dukani, kikunjue na kukikunja mara kadhaa, kisha tazama viungo kwa karibu. Ikiwa rangi imekwanguka kwa kukunjwa huko tu, ujue pale ndipo kutu itakapoanzia.

Alumini haishiki kutu kama chuma na ni nyepesi kubeba, ila fito zake nyembamba hupinda zikilemewa, na zikishapinda hazinyooki vizuri tena. Stenlesi ndiyo inayodumu zaidi, ingawa si zote zinazolingana: daraja la 304, lenye kromiamu ya asilimia 18 na nikeli ya asilimia 8 hivi, hustahimili unyevu kuliko daraja la 201, ambalo nikeli yake ni kidogo. Watu wengi hupima kwa sumaku, lakini kipimo hicho hakiaminiki, kwa sababu daraja la 430 hunasa sumaku na bado ni stenlesi, na la 201 kwa kawaida halinasi ilhali hushika kutu mapema kuliko la 304. Afadhali utafute daraja lililoandikwa. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe nayo hula hata stenlesi, kwa hiyo zisuuze nguo vizuri kabla ya kuzianika.

Swali: Naishi katika chumba kimoja kidogo. Je, nichukue chenye mabawa, cha ghorofa, au cha kufunga ukutani?

Cha ghorofa huchukua nafasi ndogo zaidi sakafuni na hupendeza machoni, lakini nguo za juu huzuia hewa isifike chini, na zikiwa hazijakamuliwa vya kutosha huzichuruzikia zile za chini. Kinafaa kwa nguo ndogondogo, kama za watoto, soksi na nguo za ndani. Chenye mabawa hukausha vizuri zaidi kwa kuwa nguo zote ziko karibu usawa mmoja, ila kikifunguliwa kinaweza kufunga njia ya chumba, basi kipime kikiwa kimefunguliwa kikamilifu. Cha ukutani kingekuwa chaguo langu la kwanza kwa chumba kidogo, ikiwa ukuta ni imara na unaruhusiwa kuutoboa. Usikifunge kikabanana na ukuta wenyewe, kwani nguo zinazougusa huulowanisha, na rangi huanza kubambuka.

Swali: Nguo ninazoanika ndani hutoa harufu ya uvundo hata zikikauka. Je, tatizo ni kianikio?

Mara nyingi tatizo ni muda. Nguo ikikaa mbichi kwa saa nyingi, bakteria zilizobaki kwenye nyuzi huongezeka na kutoa harufu hiyo. Mmoja wao, *Moraxella osloensis*, umehusishwa moja kwa moja na uvundo wa nguo zilizoanikwa ndani, na huweza kustahimili ufuaji. Kianikio chenye fito zilizobanana huongeza tatizo, lakini hata kilicho bora hakitasaidia katika chumba kilichofungwa.

Fikiria maji yanakokwenda: mzigo mmoja wa nguo huweza kutoa lita mbili za maji au zaidi, na yote huingia katika hewa ya chumba. Hewa hiyo ikishajaa unyevu, nguo huacha kukauka, na kuvu huota kwenye kona za kuta na nyuma ya kabati, jambo linaloweza kuwadhuru wenye pumu. Kwa hiyo fungua madirisha ya pande mbili ikiwezekana, weka kianikio katikati ya mkondo wa hewa badala ya kukisukumia kwenye kona, na ukiwa na feni, ielekeze kwenye sehemu ya chini ya nguo, ambako maji hukusanyika. Panga nguo ndefu kwenye kingo na fupi katikati ili hewa ipite chini yake. Zungusha mashine mara ya pili kwa kukamua tu. Umeme inaotumia ni kidogo, na saa za kukauka hupungua sana.

Swali: Je, kianikio cha mbao kinafaa?

Kinafaa ikiwa mbao imelainishwa na kupakwa vanishi hadi kwenye viungo. Mbao tupu hunywa maji, huota kuvu, na baadhi ya mbao huacha madoa ya kahawia kwenye nguo nyeupe.

Swali: Nina mtoto anayeanza kutembea. Niangalie nini?

Angalia komeo. Kianikio kikishafunguliwa, kinapaswa kujifunga kwa kitu kinachoonekana na kusikika, na kisikunjike mtu akikisukuma kwa ubavu, kwa maana viungo vinavyojikunja vyenyewe hubana vidole. Miguu iwe na soli za mpira na iachane vya kutosha. Mtoto huyo atajaribu kukipanda, basi kikunje na kukiondoa mara nguo zinapokauka. Kiwe pia angalau mita moja kutoka kwenye jiko, hita au moto wowote.

Swali: Sweta zangu za sufu hurefuka mabega zikianikwa. Nifanyeje?

Tafuta kianikio ambacho mabawa yake hulala sawa kabisa, kisha tandaza sweta juu yake bila kuining'iniza, baada ya kuiviringisha ndani ya taulo kavu na kuibonyeza ili taulo linywe maji. Igeuze upande wa pili ule wa juu ukianza kukauka.