Barua kwa mwanangu: Mpe mwanafunzi swali ambalo hata wewe hujui jibu lake

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia. Unasema idara inataka kuanzisha kozi ya utafiti binafsi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wa sayansi ya kompyuta, kila mwanafunzi na mhadhiri wake, na wamekuomba wewe uwe wa kwanza kuchukua wanafunzi. Unasita kwa sababu mbili: tayari una darasa kubwa la kufundisha na kusahihisha, na unaona mtoto wa mwaka wa tatu hana cha kutafiti. Sababu ya kwanza ni ya kweli, nitaigusa mbele. Ya pili siikubali hata kidogo.

Kubali kazi hiyo. Ila chukua wawili tu, wakizidi sana watatu, na asiwepo wa kukuongezea.

Kuhusu huyo wa mwaka wa tatu, nikusimulie kisa ambacho kila msimamizi anapaswa kukijua. Mwaka 2017 Scott Aaronson, mtaalamu wa nadharia ya kompyuta, alikuwa akifundisha kompyuta za kwantamu, yaani zinazokokotoa kwa kutumia tabia za chembe ndogo mno kama atomu, katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Marekani. Darasani mwake alikuwamo Ewin Tang, aliyejiunga na chuo akiwa na miaka 14. Aaronson alikubali kumsimamia utafiti wake binafsi, akampa maswali kadhaa achague. Moja lilihusu mapendekezo ambayo tovuti humletea mtu: ukishatazama filamu hii, huenda utaipenda na ile. Mwaka 2016 Iordanis Kerenidis na Anupam Prakash walikuwa wameonyesha kwamba kompyuta ya kwantamu inaweza kuifanya kazi hiyo kwa kasi inayoziacha mbali mno algoriti, yaani hatua za kukokotoa, zote za kompyuta za kawaida zilizojulikana wakati huo. Kilichobaki, kwa maoni ya Aaronson, ni kuthibitisha kwamba kompyuta ya kawaida haitaweza kamwe kuikaribia kasi hiyo.

Tang akautafuta uthibitisho huo asiupate, hadi akaanza kushuku kwamba haupo. Akageuza kazi, akaitafuta algoriti ya kompyuta ya kawaida inayoikaribia kasi hiyo, na akaipata! Aaronson hakukimbilia kushangilia. Alimpeleka Berkeley, California, akaieleze kazi yake mbele ya wataalamu, Kerenidis na Prakash wakiwamo, wakamhoji kwa saa kadhaa. Kazi iliposimama, ndipo ikatangazwa, mwaka 2018, Tang akiwa na miaka 18.

Tazama alichofanya msimamizi hapo. Alitoa swali ambalo yeye mwenyewe hakuwa na jibu lake, ila dhana tu, na dhana ikawa na kasoro. Ingekuwa mtihani, mwanafunzi angepewa sifuri kwa kwenda kinyume na mwalimu. Katika utafiti, kwenda kinyume kwa ushahidi ndiyo kazi yenyewe, na mwalimu akabaki na jukumu la kuhakikisha kazi imekaguliwa na watu wanaoweza kuibomoa.

Wanafunzi wako wengi hawatafika huko, na hawahitaji kufika. Margaret MacVicar alipoanzisha mpango wa utafiti wa shahada ya kwanza pale MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, mwaka 1969, alifungua mlango kwa mwanafunzi yeyote kufanya kazi bega kwa bega na mwalimu kwenye jambo ambalo bado halijajulikana. Mpango huo unaendelea hadi leo. Hiyo inatosha: kijana aonje, akiwa bado mdogo, hali ya kutokuwa na mahali pa kudesa jibu.

Sasa tuje huku kwetu. Unajua vizuri kuliko mimi miradi ya mwaka wa mwisho ilivyo. Mfumo wa kusimamia hosteli, mfumo wa kusimamia zahanati, mfumo wa kusimamia maktaba. Siidharau, mtoto anajifunza kujenga kitu kikafanya kazi. Lakini ukimuuliza amegundua nini, hana la kusema, kwa sababu hakukuwa na swali. Kozi hii mpya ikigeuka kuwa mradi mwingine wa namna hiyo, heri msiianzishe.

Swali la utafiti linaweza kuwa dogo sana. Chukua muhogo. Watafiti walipiga picha za majani ya muhogo huko Bagamoyo, wakaifundisha kompyuta kutambua magonjwa, na mwaka 2017 wakachapisha kwamba inatambua kwa usahihi wa asilimia 93 kwenye picha ambazo haikuwahi kuziona. Kutokana na kazi ya aina hiyo tukapata programu ya simu iitwayo Nuru, inayofanya kazi shambani hata pasipo intaneti. Baadaye walipoipima akili mnemba hiyo kwenye simu, katika mazingira halisi, usahihi ulishuka, na kwa majani yenye dalili changa ulikuwa chini zaidi. Na mkulima anahitaji msaada hapohapo, dalili zikiwa changa, kabla batobato, ugonjwa wa virusi wa muhogo, haijatapakaa shamba zima.

Basi mwanafunzi wako aulize hili tu: jani lenye dalili changa za batobato likipigwa picha kwa simu ya bei ya chini, je, makosa huongezeka jua likiwa la utosi kuliko asubuhi? Jani hilohilo, simu ileile, saa tofauti. Muhula mmoja unatosha. Atahitaji mtaalamu wa mimea wa kumthibitishia kila jani lina nini, na wewe utahitajika kwenye kitu ambacho hatakiona peke yake. Akitaka kuifundisha kompyuta kwa picha hizo, akizichanganya zote kisha akazigawa ovyo, sehemu ya kufundishia na sehemu ya kupimia, picha za mmea mmoja zitaangukia pande zote mbili. Kompyuta itakuwa inautambua mmea, siyo ugonjwa. Matokeo yatapendeza kweli, na yatakuwa ya uongo. Mwonyeshe agawe kwa mmea, au bora zaidi kwa shamba. Saa moja ya kukaa naye juu ya jambo hilo itamfundisha kitu ambacho mhadhara wako kwa watu mia mbili hauwezi kukifikisha.

Ndiyo maana nasema wawili. Mnakutana kila wiki, siku ileile, hata kama hana jipya. Wiki asiyokuwa na jipya ndiyo anayokuhitaji zaidi. Awe na daftari, aandike alitarajia nini kabla ya kuendesha jaribio, kisha alipata nini. Aanze kuzungumza yeye, wewe usikilize. Siku hizi akili mnemba itamwandikia ripoti nzuri kwa dakika chache, lakini haitamjibia ukimuuliza uso kwa uso kwa nini safu ya tatu ya jedwali imeshuka.

Mwanzoni mwa muhula andikeni ukurasa mmoja: swali, data itatoka wapi, atakabidhi nini, alama zitatolewaje. Usimpe alama kwa sababu matokeo yamependeza. Akigundua kwamba saa ya kupiga picha haibadilishi chochote, na amelionyesha hilo kwa uangalifu, anastahili A yake. Data ikiwa ya watu, sauti zao au namba zao za simu, soma kwanza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 pamoja naye, na ruhusa ya wahusika ipatikane kabla ya kurekodi chochote. Na kazi ikichapishwa, jina lake liwemo, na kama ndiye aliyeifanya, liwe la kwanza. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona vijana wakifanya kazi yote kisha wakaambulia kushukuriwa mwishoni.

Kuhusu kuwachagua, usitazame GPA peke yake. Tangaza nafasi darasani kwa sauti, kila mtu asikie, maana ukisubiri wabishe hodi ofisini watakuja walewale wasiokuwa na woga. Kuna binti asiye na kompyuta yake, anayesubiri bumu litoke ndipo anunue bando, na ndiye anayewaza kuliko wote. Kabla hujamchukua, mwombee muda wa maabara ili asikwame njiani.

Na mzigo wako: usiyakubali haya kwa mdomo. Mwambie mkuu wa idara usimamizi huu uhesabiwe kwenye saa zako za kufundisha, kwa maandishi, na kozi ipewe uniti zake kama kozi nyingine yoyote. Bila hivyo utafanya kwa moyo mwaka huu, na mwakani ukienda masomoni hakuna atakayeipokea.

Kamuone wiki hii, kabla ratiba haijapangwa. Akikubali, nipigie tuyapitie pamoja maswali ya hao wawili. Baba yako anakusalimu, na anauliza Krismasi mnakuja au hamji.

Mama yako