Stesheni, kituo na huo mstari

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Kondele, Kisumu. Binti yangu wa gredi ya nane aliandika insha kuhusu jiji letu miaka hamsini ijayo, na humo akashuka "stesheni ya metro ya Kondele". Mwalimu wake amekata "stesheni" kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "kituo cha mstari wa metro". Mtoto amenuna siku ya pili leo. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mama, mpe binti yako pole zangu, na alama yake arudishiwe leo hii.

Stesheni ni Kiswahili. Ndiyo, asili yake ni Kiingereza, lilikuja na reli, na reli ilifika hapo kwenu mwaka 1901 mji ukiitwa Port Florence. Neno lililoishi nasi muda wote huo halina haja ya kuulizwa kitambulisho mlangoni.

Kituo nalo ni zuri, tena nalipenda. Nenda soko la Kibuye Jumapili, usimame karibu na wauza omena. Mama anafika na beseni kichwani, shingo imekakamaa, anamwambia wa karibu: "Nitue." Mwenzake aliyemaliza kununua anainama chini ya gunia: "Nitwike." Mahali pa kutua ndipo kituo. Shida yake ni upana: kuna kituo cha polisi, cha afya, cha mafuta, cha kupigia kura. Nikikwambia tukutane kituoni, utauliza kipi. Nikisema stesheni, miguu yako itaelekea relini bila swali. (Matatu nazo zina steji yao, na anayetaka kuifuta steji akaanze na makanga, siyo na mimi.) Yote mawili ni sahihi, basi. Ugomvi wangu na mwalimu huyo uko kwenye neno aliloliongeza bila kuombwa.

Mstari!

Mstari ni kitu unachochora kwa rula. Ni kile ambacho mtoto wa gredi ya kwanza anaambiwa aandike juu yake asining'inie. Na hapa Kenya ni kitu unachosimama: mstari wa benki, mstari wa unga, na ule mstari mrefu wa uchaguzi wa 1988, wa mlolongo, ambapo wapiga kura walijipanga nyuma ya wagombea wao mchana kweupe. Chukua basi sentensi hii, ya aina ninayoisikia kwenye taarifa za habari mpaka chai inanipalia: "Abiria mia mbili wamekwama kwenye mstari wa metro." Wamekwama wapi? Wamo ndani ya treni, chini ya ardhi, gizani, wanahitaji kuokolewa? Au wako nje juani wakingoja tiketi, na wanachohitaji ni karani wa pili dirishani? Endelea nayo: "Mstari huo una urefu wa kilomita ishirini." Ukiwa mstari wa watu, hiyo ni njaa. "Mstari utafungwa kwa ukarabati." Mstari unafungwaje? Unakarabatiwa kwa kifutio? "Serikali itajenga mistari miwili mipya." Hiyo hata mimi naweza, nipe chaki.

Tunalo neno njia. Tunalo neno reli. Mzee yeyote wa Nyalenda atakwambia reli ilifika, reli ilipita huku. Hajapata kukwambia kwamba mstari ulifika. Sema njia ya metro, au reli ya metro, na kila mtu atakuelewa, hata aliyeko kwenye mstari.

Najua nitakachojibiwa, maana nilishajibiwa nacho: "Mwalimu, Cairo wana mistari mitatu." Cairo wana njia tatu. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1987, ya kwanza Afrika. Ya pili ikafuata 1996, na ya tatu 2012. Hapo mjuaji huongeza kwamba Wamisri wenyewe huziita khatt, na khatt ni mstari. Kweli kabisa. Ila sisi khatt tulishaipokea zamani na kuifanya hati. Kama tunawafuata Wamisri neno kwa neno, basi tuseme "hati ya tatu ya metro", tukapande na wakili. La kuiga Cairo ni stesheni yao iliyoitwa Mubarak mpaka 2011, kisha ikabatizwa Al-Shohadaa. Anayejua neno shahidi hahitaji mkalimani hapo.

Metro yenyewe haina makuu. London walifungua reli yao ya chini ya ardhi mwaka 1863 na kampuni ikajiita Metropolitan, kwa maana ya jiji kuu. Ukichimba zaidi ni Kigiriki, mama na mji. Paris wakafungua yao 1900 na kulikata jina likabaki métro. Ya London ilivutwa na injini za mvuke, humo humo shimoni, hivyo kwa miaka yake ya mwanzo ilikuwa garimoshi kwa kila herufi. Kwetu metro iko ngeli ya I-ZI: metro hii, metro hizi. Mtoto akiandika "mametro", hapo mwalimu ana ruhusa yangu kutumia ile kalamu.

Mahali pamoja tu nitaulegezea mstari kamba: kwenye ramani. Harry Beck aliichora upya ramani ya reli za London, ikatoka 1933, akanyoosha kila kona ikawa wima, mlalo au mshazari. Hiyo ni mistari halali. Ukiwa na karatasi mkononi, useme "fuata mstari mwekundu", sina neno. Ukiikunja karatasi na kuingia kwenye behewa, uko njiani.

Kwa hiyo binti aandike tena "stesheni ya metro ya Kondele", kwa wino mzito. Mwalimu wake akishikilia "mstari", hana kosa: metro ya Kisumu bado ipo kwenye insha tu, na pale steji ya Kondele, saa kumi na moja jioni, mstari upo wa kutosha. Ajiunge nyuma.