Nikilipa deni la kadi lililofutwa na benki, alama zangu zitapanda?

SWALI: Naishi Houston, Texas. Agosti 2021 nilipoteza kazi nikashindwa kulipa kadi ya mkopo, deni likiwa dola 4,200. Benki ikaandika kwamba imelifuta, kisha ikaliuza. Juzi kampuni iliyolinunua imeniletea barua: nikilipa dola 1,700 kwa mkupuo mmoja, yaishe. Mimi na mume wangu tunataka kununua nyumba mwakani. Nikilipa, alama zangu za mkopo zitapanda? Na kama deni lilifutwa, mbona bado nadaiwa?

JIBU: Dada yangu, bado unadaiwa kwa sababu benki ililifuta kwenye vitabu vyake tu. Wasimamizi wa mabenki Marekani wanataka deni la kadi ambalo halijalipwa kwa siku 180 lihesabiwe hasara, karibu sawa na mabenki ya kwetu yanavyosafisha mikopo chechefu. Haki ya kukudai inabaki, na ni mali inayouzika. Aliyeinunua ameipata kwa bei ya chini mno, ndiyo maana anaweza kukupunguzia zaidi ya nusu na bado akapata faida.

Sasa alama, yaani namba ambayo wakopeshaji huitumia kupima kama utalipa. Ingia annualcreditreport.com uchukue taarifa zako kutoka Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, ni bure. Kwa deni hili moja utakuta mistari miwili, na wengi hawailewi. Wa kwanza ni wa benki yenyewe: kadi ilifungwa, deni likafutwa, likauzwa, salio sifuri. Wa pili ni wa mkusanya madeni, yaani kampuni iliyolinunua: salio dola 4,200, halijalipwa. Hizo dola 1,700 zitagusa mstari wa pili peke yake. Ule wa benki utabaki vilevile, kwa sababu unasimulia kilichotokea mwaka 2021 na 2022, na hakuna malipo ya leo yanayobadilisha hilo. Kwa kawaida yote miwili itaondoka ikitimia miaka 7 tangu ulipoanza kuchelewa, yaani karibu Agosti 2028. Kulipa hakuanzishi upya hesabu hiyo ya miaka 7, na mkusanya madeni haruhusiwi kuisogeza mbele. Kwa hiyo linganisha tarehe ya kuchelewa kwa mara ya kwanza kwenye mistari yote miwili. Zikitofautiana, andika malalamiko kwa kampuni ya taarifa kabla hujatoa hata senti.

Je, mstari wa pili ukisoma kwamba umelipwa, alama zinapanda? Inategemea nani anapiga hesabu na kwa toleo gani. FICO na VantageScore ni kampuni zinazotunga kanuni za kupiga alama, na kila moja ina matoleo yake. FICO 9 iliyotoka 2014, pamoja na VantageScore 3.0 na 4.0, haziangalii kabisa deni la mkusanya madeni ambalo limeshalipwa. Huko unaweza kuona nafuu. FICO 8, ambayo bado inatumika sana, inalihesabu hata likilipwa, isipokuwa kama deni la mwanzo halikufika dola 100. Wakopeshaji wa nyumba nao kwa miaka mingi wametumia matoleo ya zamani zaidi ya FICO, ambayo hayana huruma hiyo. Julai 2025 msimamizi wa Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni kubwa zinazonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, alitangaza kuruhusu VantageScore 4.0, kwa hiyo muulize mkopeshaji wako anatumia ipi. Usishangae programu ya simu ikikuonyesha umepanda, halafu afisa wa mkopo akakusomea namba ileile ya jana.

Kwa maoni yangu, basi, usilipe kwa ajili ya alama. Pigo kubwa lilishakupata ulipoacha kulipa, na linafifia kila mwaka. Sababu nzuri ya kulipa ni nyumba yenyewe. Ukiomba mkopo wenye dhamana ya FHA, wakala wa serikali ya Marekani unaodhamini mikopo ya nyumba, na madeni yako yaliyo kwa wakusanyaji, ukiacha ya hospitali, yakifika jumla ya dola 2,000, mkopeshaji ana njia tatu: ulipe, uonyeshe mpango wa malipo, au ahesabu asilimia 5 ya salio kama rejesho la kila mwezi. Kwako hiyo ni dola 210 kila mwezi, fedha ambazo hulipi popote lakini zinapunguza kiwango cha nyumba utakachokubaliwa. Hapo dola 1,700 zinaweza kuwa na kazi. Mkopo wa kawaida unaopitia Fannie Mae, kwa nyumba ya familia moja mtakayokaa wenyewe, hauna sharti hilo. Amua kwanza mnachukua mkopo upi.

Kuna suala la mahakama pia. Texas ukomo wa muda wa kushtaki kwa deni la namna hii ni miaka 4. Kama tangu Agosti 2021 hukulipa tena chochote, huenda umeshapita. Sheria ya jimbo iliyoanza Septemba 2019 inamzuia mnunuzi wa deni kukushtaki baada ya ukomo huo, na inasema kulipa kidogo hakulifufui deni. Usimpe ndugu yako aliye jimbo lingine ushauri huu kama ulivyo. Katika majimbo mengi malipo ya hata dola 20, au kukiri deni kwa maandishi, kunaweza kuanzisha saa upya, na ukomo wenyewe mahali pengine ni miaka 6 au zaidi. Lakini kumbuka: ukikuta karatasi ya mahakama mlangoni, lazima ujibu, hata kama deni limepitwa na wakati. Ukinyamaza, hukumu inatolewa bila wewe, na hukumu ambayo haijalipwa ni kikwazo kikubwa kwa mkopo wa nyumba.

Ukiamua kulipa, usimalizane nao kwa simu. Wakusanya madeni ni wepesi wa ahadi, na aliyekuahidi leo kesho hayupo kazini. Taka barua yenye namba ya akaunti ya deni, kiasi, tarehe ya mwisho, na maneno kwamba baada ya dola 1,700 hudaiwi tena na salio halitauzwa kwa mwingine. Omba pia waufute kabisa mstari wao kwenye taarifa zako. Hawalazimiki, lakini baadhi hukubali, na kwenye matoleo ya zamani ya FICO hilo ndilo lingekusaidia kweli. Wakikubali, liwe ndani ya barua hiyohiyo. Lipa kwa hundi ya benki, usiwape namba ya akaunti yako ya benki, na barua itunze hata baada ya 2028.

Halafu kodi. Dola 2,500 utakazosamehewa zinazidi 600, hivyo Januari au Februari itakayofuata unaweza kuletewa fomu 1099-C, na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, huhesabu msamaha huo kuwa kipato chako. Kama siku ya kusamehewa madeni yako yote yalizidi mali zako zote, unaweza kuondolewa kodi hiyo, kwa sehemu au yote, ukijaza fomu 982. Mtu anayekujazia kodi mwambie mapema, asije akaikuta fomu hiyo kwenye bahasha wiki ya mwisho.