Swali la wiki: Mwanaume akielemewa anaenda kwa nani? Mi nasema gym

Mmeuliza mwanaume akielemewa na mawazo anaenda kwa nani. Jibu langu ni gym, na sisemei zile za vioo na kiyoyozi, nasemea hizi za mtaani kwetu Dar, Tandika, Mbagala, Manzese huko, kibanda cha mabati, vyuma vingine ni zege limemwagwa kwenye kopo la rangi likachomekwa bomba, unalipa hela ndogo unapiga tizi.

Najua wengi watasema mazoezi yenyewe ndo dawa, na ni kweli, hilo limeshapimwa. Mwaka 2018 jarida la JAMA Psychiatry lilitoa uchambuzi wa majaribio 33 na ikaonekana kunyanyua vyuma kunapunguza dalili za sonona. Ila ungeweza kupiga pushapu peke yako chumbani ukapata hiyo faida. Mi nasemea watu, wale unaowakuta pale kila jioni.

Angalia benchi, pale unapolala chali kusukuma chuma. Ukipakia uzito mkubwa lazima mtu asimame kichwani kwako akushikie, na huyo mtu pengine hata jina lake la kwao hulijui, unamjua kwa jina la gym tu, lakini kifua chako kiko mikononi mwake. Mkizoeana hivyo maongezi yanakuja yenyewe, tena vipande vipande, unapumzika kati ya seti na seti unamwambia mwenzako oya jana sijalala kabisa, anauliza vipi tena, unasema hesabu ya bosi, ile hela ya kila siku ya mwenye pikipiki, haijatimia siku ya tatu hii, zamu yako inafika unanyanyua, ukishusha na yeye anakuuliza sasa bosi kasemaje. Hakuna anayekukazia macho, wote mnaangalia chuma. Mwanaume wa kwetu ukimkalisha kwenye kiti ukamwambia haya nieleze unajisikiaje, hatoi neno, kakua anaambiwa jikaze, na huku mtandaoni kila siku tunaandikiana mwanaume kaumbiwa mateso kama vile ni sifa. Mi hiyo kauli siipendi kabisa, inaua watu.

Na kinachotusumbua wala sio siri. Boda ya mkataba, ile unayomlipa mwenye nayo kidogo kidogo mpaka iwe yako, mikopo ya kausha damu yenye riba ya kukukamua, kodi ya miezi sita, mtoto karudishwa nyumbani toka shule kwa kukosa mchango, mama watoto kaondoka. Mtu anabeba vyote hivyo na bado kijiweni anacheka.

Gym yetu kulikuwa na jamaa wa boda, pikipiki ya mkataba, ikaibiwa imebaki kidogo tu iwe yake. Hakumwambia mtu. Akawa anakuja kama kawaida ila anapakia uzito kuliko uwezo wake na hataki kushikiwa, afu akapotea. Kocha ndo alishtuka, maana kocha wa gym ya mtaani anajua nani anakuja jumatatu na nani anakuja jumatano, mtu akikosekana anaona. Akachukua watu wawili wakaenda mpaka geto kwake, hawakumpa hotuba, walimwambia twende leo siku ya miguu. Akaja. Wiki hiyohiyo mwenzetu mmoja akampa deiwaka, yaani aendeshe boda yake jioni apate chochote, wengine tukachanga tulichokuwa nacho, na mwingine ambaye alishawahi kupitia hayo mambo akamsindikiza hospitali kuonana na daktari wa akili, akamsubiri nje mpaka alipotoka. Baadae sana ndo jamaa akatuambia wenyewe alikuwa anawaza nini zile siku alizopotea. Nikiandika hapa bado moyo unaenda mbio.

Ujue kumwambia mtu "nilitaka kujiua" kwetu sio jambo dogo, achilia mbali aibu, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kifungu cha 217 inasema kujaribu kujiua ni kosa. Kenya Mahakama Kuu ilishatamka Januari 2025 kwamba kifungu chao kama hicho, cha 226, kinapingana na katiba. Na sisi natamani tufike huko. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 700,000 wanakufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na wanaume ni karibu mara mbili ya wanawake. Sasa mtu wa namna hiyo aanzie wapi kusema kama sio kwa washkaji anaowaamini?

Sio kila gym iko hivi lakini. Ziko ambazo kila mtu kaziba masikio na earphone anajipiga picha kwenye kioo, ziko ambazo dogo mwembamba akiingia anachekwa mpaka harudi, na ziko ambazo sindano za kutunisha misuli zinauzwa kama peremende na zenyewe zinaharibu mwili na akili. Huko mtu anatoka na mawazo zaidi ya aliyoingia nayo. Kama vyuma sio fani yako tafuta vikundi vya jogging, Temeke wamejaa, jumapili asubuhi unawasikia wanapita wanaimba mchakamchaka, na wale wakipata msiba wa mwenzao wanachanga na kwenda kuzika.

Kwahiyo ombi langu ni kwa wenye gym na makocha. Punguzeni mziki ile nusu saa ya mwisho watu wasikilizane. Kila memba aandikishe namba ya ndugu mmoja, mtu asipoonekana wiki nzima mpigieni, asipopokea nendeni kwake. Na mtafute mapema daktari au mshauri nasaha aliye karibu na mtaa wenu, muwe na namba yake, maana kuna siku mtu atakuja na jambo ambalo sisi wa vyuma hatuliwezi.