Re: Miradi ya ukatili wa kijinsia vijijini inasaidia au ni posho tu?

Mkuu umeuliza kama hii miradi ya wafadhili ya kupinga ukatili wa kijinsia inasaidia kweli au watu wanakula posho tu. Mi nimefanya uhamasishaji huku Kilolo, Iringa, nakujibu kwa nilichokiona. Posho zipo, tisheti zipo, ila kinachotuangusha zaidi ni kalenda.

Nguvu nyingi zinawekwa kwenye zile Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, Novemba 25 mpaka Desemba 10. Sasa huku muda huo mvua ndo zinaanza, watu wako shamba wanapanda mahindi, unaitisha mkutano wanakuja viongozi wa kijiji na watoto wa shule. Ugomvi wenyewe unapamba moto baada ya mavuno, kuanzia Julai hivi, gunia zikishauzwa. Mama kalima, kapalilia, kabeba kichwani, baba kaenda kuuza kwa dalali peke yake na hela haijafika nyumbani, mama akiuliza anapigwa. Hapo ndo pa kuwahi.

Kwetu kilichosaidia ni kuwakalisha wanandoa kabla ya kuuza, kupitia VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, tena asubuhi maana ukichelewa unaongea na pombe. Mume anapewa kikombe cha punje za mahindi na mke chake, punje ndo hela ya mavuno, kila mtu anazigawa chini kivyake: ada, mbolea, chakula, kilabu. Kuna baba alisahau mbolea kabisa, mkewe kaweka nusu kikombe, watu wakacheka na yeye akacheka, halafu wakaanza kubishana wao kwa wao kuhusu urea. Neno jinsia halikutajwa hata mara moja.

Baada ya hapo ndo unawasomea Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, kwamba mwanandoa hana haki ya kumchapa mwenzake. Wengi wanadhani haya ni mambo mapya ya wazungu, wakisikia 1971 wananywea.

Ila vikao peke yake havitoshi. Aliyeumizwa anatakiwa afike Dawati la Jinsia polisi, apate PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali) na matibabu, na kesi ya mtoto aliyebakwa isimalizwe na wazee kwa faini ya mbuzi, piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto. Shida ni bodaboda, toka vijiji vya ndani mpaka polisi nauli inamshinda mama hata kama ushahidi anao. Kwa hiyo kama una sauti kwenye bajeti ya huo mradi wako, punguza tisheti weka nauli, na kikao cha kwanza kiwe Mei mahindi yakiwa bado shambani.